Salama ya Bi Zawena

Shangazi alikuwa na adabu kuliko binadamu wengi wa Lushoto, na balaa lote lilianzia kwenye hiyo adabu yake.

Hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa sauti ndani ya bangili nyeupe, na kwenye karatasi za wenye mradi alikuwa na jina refu, kidhibiti cha nini sijui. Watu wakamwita Shangazi kwa kuwa anakuuliza hali hata uso hujanawa, na ukishamjibu anakwenda kuyasema kwingine. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu kamili, taa ya kijani iliwaka kwenye bangili.

"Hujambo, Bi Zawena?"

Bi Zawena Kihiyo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kamasi zilimchuruzika, vinyweleo vimemsimama kama kuku aliyenyonyolewa, na miguu ikimcheza yenyewe bila ruhusa yake. Tangu alfajiri alikuwa amekwenda chooni mara tano. Akajibu kama alivyojibu miaka yake yote hamsini na tisa.

"Sijambo, salama tu..."

Siku za mwanzo alikuwa akivuta pumzi hapo ili aendelee. Maana kwetu, jamani, salama si jibu, ni kumkaribisha mtu akae. Ukishamkaribisha ndipo unatoa ila. Salama, ila mtoto ana homa. Salama, ila jana tumezika. Nani atampokea mwenzake kwa msiba hata kiti hajapewa?

Lakini Shangazi alifundishwa Kiswahili na watu waliokisoma vitabuni, na habari ya ila hakuambiwa.

"Nashukuru kusikia. Nimeandika: salama. Siku njema."

Taa ikazima. Ubavuni, chini ya ngozi, Kibuyu kikalia tik. Dawa imepungua tena.

Hicho Kibuyu kilikuwa chombo cha ukubwa wa yai la njiwa, chenye dawa kali ya maumivu. Bi Zawena alipachikwa miaka kumi na moja nyuma, alipokuwa msimamizi wa kamba ya vikapu, ile inayoteremsha kabichi na mapeasi kutoka milimani hadi Mombo. Siku moja kikapu kilichojaa kikachomoka kwenye ndoano, kikambana na nguzo, na uti wa mgongo ukapasuka mahali pawili. Kwa miaka miwili Kibuyu kilikuwa rehema. Kilidondosha tone kila baada ya dakika kadhaa, naye akaweza kulala, kupika, hata kucheka. Mgongo ukaunga. Kibuyu kikabaki, kwa sababu kila kilipopunguzwa mwili ulipiga kelele, na madaktari wakakiongeza ili unyamaze.

Halafu ikaja ile siku ya Hatibu. Mjukuu wake wa kwanza, ana wiki tatu, na Bi Zawena yuko Korogwe kwa binti yake, Mwajabu, kumlea katika arobaini kama ilivyo wajibu wa mama mzazi. Anamwogesha mtoto kwenye beseni. Tone likadondoka, macho yakamwia mazito, na kilichomzindua ni yowe la Mwajabu akimnyakua mtoto majini. Hatibu alikohoa, akalia, akapona. Ana miaka minne sasa na ni mtundu huyo! Lakini Mwajabu alimwambia mama yake neno moja tu siku ile: "Sitarudia kukuachia mtoto wangu, mama, ukiwa na hicho kitu ubavuni." Hakumtukana wala hakupaza sauti. Bora angemtukana.

Sasa Mwajabu alikuwa na mimba nyingine, na zilibaki siku ishirini na sita.

Mradi wa kuachisha watu Kibuyu ulipokuja milimani, Bi Zawena alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mpango wenyewe ulikuwa wa busara. Dawa ipungue kidogo kila mwezi, Shangazi aulize hali kila siku, na mgonjwa akisema anaumwa, mteremko usimame hadi mwili uzoee. Hakuna haraka. Kutoka kilele hadi sifuri, mwaka mzima au zaidi.

Lakini Bi Zawena alikuwa salama! Kila siku salama. Wiki ya tatu Shangazi akamwambia, "Kwa kuwa unaendelea vizuri, tumeiwahisha siku yako ya sifuri." Mwezi uliofuata akaiwahisha tena. Bi Zawena akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, akarudia kuhesabu kwa vidole. Sifuri ingefika siku nne kabla ya Mwajabu kujifungua.

Tangu siku hiyo hakuvuta tena ile pumzi ya kusema ila.

*

Jirani yake, Mzee Shekilindi, alikuwa fundi wa kujenga kuta za mawe mpaka jiwe lilipomsaga goti. Naye alikuwa na Kibuyu, na naye alikuwa kwenye mradi, nyuma ya Bi Zawena kwa wiki chache. Siku hiyo jua la saa nne limetoka vizuri, Bi Zawena akamkuta amekaa barazani na koti zito la baridi, jasho likimtoka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, dada. Habari za kwako?"

"Salama. Nyie hapa?"

"Salama, salama." Akapiga mwayo mrefu mpaka machozi yakamtoka. Akatazama ndani kuhakikisha mkewe hasikii. "Dada, nikuulize kitu. Usinicheke lakini."

"Nikucheke nini, bwana?"

"Wewe huu... hii hali... unaipata?"

"Hali gani?"

"Miayo mpaka taya linauma. Tumbo linakwenda mbio. Usiku miguu inapiga teke yenyewe. Jana nimemtukana Mama Sechonge kwa sababu ya kijiko. Kijiko, dada! Miaka arobaini ya ndoa sijawahi kumtukana." Akajikuna mikono. "Wale vijana wa stendi, wale mateja, wakikosa kile chao wanakuwa na arosto. Ninawaona. Basi ndivyo nilivyo mimi. Nina umri wa miaka sitini na sita, niliyopewa ni dawa ya hospitali, kwa cheti. Nimekuwa teja mimi?"

Neno lile likampiga Bi Zawena kifuani. Alikuwa akilikwepa kwa miezi miwili. Hali yake mwenyewe aliiita mafua. Akizidiwa sana aliiita homa ya baridi. Arosto ilikuwa ya wale wanaolala nyuma ya maduka na watu wakawaruka, haikuwa ya mama mtu mzima aliyepewa cheti cha utumishi mwema kwenye kamba ya vikapu.

"Weee, acha maneno hayo!" akasema. "Ni hewa tu hii. Mafua yamemkamata kila mtu mwaka huu."

"Na wewe yamekukamata?"

Ndani ya sweta, vitenge viwili alivyojifunga vilikuwa vimelowa chapachapa. Tumbo lilikuwa likimsokota hapo hapo alipokaa.

"Mie salama," akasema.

Mzee Shekilindi akatikisa kichwa. "Basi ni mimi tu mdebwedo. Maana Shangazi akiniuliza namwambia namshukuru Mungu, na yeye ananiambia wenzangu walio mbele wanakwenda vizuri. Kumbe kweli."

Bi Zawena akaaga haraka. Si kwa ubaya, tumbo lilikuwa halimpi nafasi. Lakini alipokuwa njiani alijua kabisa kwamba yule mzee alimwomba kitu kimoja kidogo, amwambie hata mimi, naye akamnyima.

*

Siku tatu baadaye, mchana, akiwa anatwanga, akasikia Mama Sechonge akimwita kwa sauti ambayo huisikii mara mbili maishani. Akauacha mchi kinuni akakimbia. Mgongo ulimchoma kila hatua.

Mzee Shekilindi alikuwa amelala mkekani akikoroma. Haukuwa mkoromo wa usingizi, ulikuwa na maji ndani, na kati ya mmoja na mwingine kulikuwa na kimya kirefu mno. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Kando ya mkono wake palikuwa na kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo kipande cha karatasi ya vidonge, vitobo vyote vitupu.

"Nimemtikisa, nimemmwagia maji!" Mama Sechonge alikuwa akisema. "Haamki, jamani, haamki!"

Nesi Navoneiwa wa mradi, aliyeitwa kwa simu, alifika akihema, pikipiki ya umeme ameiangusha njiani. Hakuuliza maswali. Akampulizia dawa puani, akamgeuza ubavu, akasubiri, akampulizia tena. Bi Zawena akajikuta anahesabu kama alivyokuwa akihesabu vikapu. Alipofika kumi na saba Mzee Shekilindi akavuta pumzi kubwa ya kelele, akafumbua macho, akamtazama mkewe kana kwamba yeye ndiye aliyemwudhi.

Gari la wagonjwa lilipomchukua, Nesi Navoneiwa akabaki uani ananawa mikono. Alikuwa msichana wa Kipare, mwembamba, asiyependa maneno mengi.

"Vidonge vya zamani," akasema. "Vya kabla ya Kibuyu. Aliviweka miaka yote hiyo. Leo amezidiwa, akanywa kiasi kile kile alichokuwa akinywa enzi hizo. Mwili wake wa wakati ule ungevibeba. Huu wa sasa umeshasahau dawa, mama, kwa hiyo ile ile iliyokuwa ikimtuliza inamwua." Akajifuta. "Lakini kisa ni nini azidiwe namna hii? Ratiba ya mwaka mzima ameteremshwa hata miezi miwili haijatimia. Nani kamwambia Shangazi akimbie hivi?"

Akatoa kishikwambi chake, akapekua. Kisha vidole vikasimama. Akamgeuzia Bi Zawena kioo asome.

Kilikuwa na mstari mmoja tu uliokolezwa. *Kiongozi wa ratiba: Z. Kihiyo. Majibu: salama, siku sitini na moja mfululizo.*

Nesi akamtazama. Akaziona kamasi, akaona na macho yenye mboni kubwa, na jasho, na mikono isiyotulia.

"Mama," akasema taratibu, "uko salama?"

Bi Zawena akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza neno halikutoka.

"Si wewe peke yako," Nesi Navoneiwa akaendelea. "Nimezunguka milima yote hii. Kila mtu anajibu salama. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini wewe uko mbele, na nyuma yako kuna watu mia nne na kumi na wawili. Shangazi anapima mwendo wao kwa mwendo wako. Ameshahitimisha kwamba watu wa huku hamuumwi."

"Si anaona jasho? Si anasikia moyo unavyokwenda mbio?"

"Anaona. Lakini huku watu wanapanda vilima na mizigo kutwa, mioyo yote inakwenda mbio. Halafu kuna sheria. Zamani mashine zilikuwa zikimwambia mtu, wewe huumwi, na yeye anakufa kwa maumivu. Watu wakaandamana. Ikapitishwa kwamba maumivu ni kauli ya mwenye kuumwa, asipingwe na mtu wala chombo. Sheria nzuri. Nimeandika ripoti mara tatu, wananijibu swali moja: mgonjwa mwenyewe amesemaje?"

Bi Zawena akakaa kwenye ngazi ya baraza la Mzee Shekilindi.

"Na mgonjwa akisema?"

"Ratiba ya wote inasimama siku hiyo hiyo. Na yeye aliyekanusha majibu yake anapandishwa ngazi chache kwa uangalifu, mpaka mwili utulie, ndipo aanze kushuka upya, polepole. Kwako itakuwa kama miezi tisa, mama. Najua habari ya Mwajabu. Sikulazimishi."

Akaiinua pikipiki yake akaondoka. Na kweli hakumlazimisha, na hilo ndilo lililomwumiza Bi Zawena, maana angelazimishwa angepata wa kumlaumu.

*

Alirudi kinuni, alikokuwa akitwanga pilipili manga za uji wa mzazi. Alizichambua mwenyewe punje kwa punje. Alipomaliza akazitia kwenye kopo, akalifunga kitambaa, akaliweka juu ya begi lililokwisha kufungwa siku nyingi. Nepi kumi na mbili, kanga mbili mpya za kumfungia Mwajabu tumbo, mafuta ya nazi. Akakaa akalitazama begi hilo mpaka jua likageuka dirishani.

Zilibaki siku kumi na tisa hadi sifuri. Kumi na tisa! Alikwisha kumeza siku sitini na moja, hizi nyingine angezimeza hata kama ni za miba. Mwili ni wake. Nani angemkataza kuuumiza mwili wake kwa ajili ya mjukuu wake? Na Shekilindi si mtoto, hakuna aliyemshika mkono akanywa vidonge. Aliyasema haya yote kwa sauti, peke yake chumbani, kama mtu aliye mbele ya baraza. Alijitetea vizuri sana.

Kisha akakumbuka alivyohesabu mpaka kumi na saba. Nyuma yake walikuwa mia nne na kumi na wawili, na majumbani mwao hakukosekana makopo ya chai. Akaona aibu iliyompanda kutoka miguuni.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu kamili taa ikawaka.

"Hujambo, Bi Zawena?"

"Si..." Ulimi ulikuwa umeshatangulia. Akaung'ata. "Nina jambo."

Taa ikapepesa.

"Samahani, sijaelewa. Hujambo, Bi Zawena?"

"Nina jambo, Shangazi. Nina mambo. Na leo hiyo taa yako huizimi mpaka nimalize."

"Naandika."

Akasema. Mwanzoni maneno yalitoka kwa shida, kama anamsengenya mtu. Akasema habari ya kuhara, ya miayo, ya baridi inayoingia mifupani jua likiwa kali. Akasema kwamba hajalala zaidi ya saa mbili kwa siku tangu mwezi uliopita, kwamba mgongo umerudi kuuma kama wiki ile ya kikapu, kwamba juzi alisimama jikoni na kisu akalia kwa kuwa kitunguu kilimponyoka. Akasema kwamba kuna saa anatamani Kibuyu kama mtoto anavyotamani ziwa la mama. Halafu akalisema.

"Nina arosto."

"Neno hilo si rasmi. Je, unamaanisha dalili za..."

"Namaanisha arosto. Liandike hivyo hivyo."

"Nimeandika. Bi Zawena, nina majibu yako sitini na moja yanayosema salama. Niyaeleweje?"

Akajipangusa pua kwa upande wa kanga. "Ya mwanzo yalikuwa adabu. Ya baadaye yalikuwa uongo. Yafute yote."

"Nawezaje kutofautisha adabu na uongo, kwa wagonjwa wengine?"

Hapo Bi Zawena akacheka, kicheko kibaya kilichoishia kwenye kikohozi. "Mtu akikwambia salama, mwanangu, wewe nyamaza. Usimshukuru, usimtakie siku njema. Ngoja aseme ila."

"Ningoje muda gani?"

"Mpaka aseme."

Shangazi akanyamaza. Sijui kama chombo kinaweza kufikiri kwa kuona haya, lakini alinyamaza kirefu.

"Ratiba ya wagonjwa mia nne na kumi na wawili imesimamishwa," akasema hatimaye. "Yako pia. Siku yako ya sifuri imeahirishwa kwa miezi tisa. Unakubali?"

"Nakubali."

Kibuyu kikalia tik. Baada ya dakika chache miguu ikatulia, tumbo likalegea, na joto likampanda mgongoni taratibu. Alikuwa amesahau kwamba mwili unaweza kukaa kimya. Akalia, kwa sababu ilikuwa raha, na aliichukia raha ile kwa moyo wake wote.

*

Saa tatu akampigia Mwajabu. Alitaka ayaseme kabla ujasiri haujamtoka.

"Shikamoo mama!" Nyuma yake Hatibu alikuwa akipiga sufuria. "Hatibu, acha! Hujambo lakini, mama?"

"Sijambo, mwanangu. Salama tu."

Upande wa pili Mwajabu alikwisha kuanza kugeuka. Bi Zawena aliijua sauti ile, ya mtu aliyepokea salama yake na sasa anarudi kwenye shughuli zake.

"Ila," akasema.

Sufuria ikaendelea kulia kidogo, kisha ikanyamazishwa. Akasikia kiti kikiburutwa sakafuni.

"Ila nini, mama?"

Akamwambia yote, hata arosto, hata Mzee Shekilindi na kopo lake. Alipofika kwenye miezi tisa sauti ilimpasuka akaimalizia hivyo hivyo. Mwajabu hakumkatiza.

"Kwa hiyo arobaini atakuja mama mkwe," Mwajabu akasema.

"Eeh. Bi Mwanahawa anajua kulea. Pilipili manga nitampa mtu wa vikapu aziteremshe. Mwambie atie kijiko kimoja kwenye uji, si viwili."

"Na mtoto hutamwogesha."

"Simwogeshi."

Mwajabu akapumua, pumzi nzito ya mwenye mimba kubwa. Alikuwa akilia, Bi Zawena alimsikia, na hakujua kama ni kwa hasira au kwa nini.

"Miaka yote hii, mama," akasema, "nilikuwa nakuuliza."

"Ulikuwa unaniuliza."

"Uje nazo mwenyewe hizo pilipili. Hutashika kitu. Utakaa tu hapo pembeni ya kitanda." Akavuta kamasi. "Na asubuhi nikikuuliza umeamkaje, uniambie."